Kadinali Rugambwa: Kutoka darasa la Katoke hadi Kikanisa cha Sistina

Mei 7, 2025 makadinali 133 waliingia Kikanisa cha Sistina mjini Vatican, milango ikafungwa. Kesho yake jioni moshi mweupe ulifuka na dunia ikatangaziwa Papa Leo wa 14. Kati ya wote waliopiga kura, Mtanzania alikuwa mmoja tu: Kadinali Protase Rugambwa, Askofu Mkuu wa Tabora. Mwenzake, Kadinali Polycarp Pengo, alikuwa ameshavuka miaka 80, umri ambao sheria ya Kanisa humwondolea kadinali haki ya kumchagua Papa.

Magazeti yalipomwandika Rugambwa siku zile, yalianza na vyeo vyake vya Roma, na haishangazi, kwa kuwa ni Watanzania wachache waliowahi kufika huko. Lakini wasifu wake una mistari mifupi ambayo wengi huiruka: paroko msaidizi Mabira, mwalimu Katoke, padri wa wagonjwa katika hospitali ya Biharamulo, kisha makamu wa askofu wa Rulenge. Sehemu hizo hazipo Bukoba mjini alikozaliwa, wala Tabora anakotumikia leo. Ni za ule upande wa Kagera unaopakana na Rwanda na Burundi, kwenye wilaya za Ngara na Biharamulo na jirani zake. Hoja ya makala hii ni kwamba huko ndiko kadinali huyu alikopikwa.

Jimbo la pembezoni

Ukitoka Bukoba kwa basi kwenda kusini, unaiacha kahawa na migomba ya Wahaya, unapita Muleba, unaingia misitu ya Biharamulo. Mji wa Biharamulo una boma la Wajerumani lililojengwa mwanzoni mwa karne iliyopita. Mbele zaidi ni njia panda ya malori ya Rwanda na Burundi, na ukiifuata barabara hiyo hadi mwisho unafika Rusumo, ambako daraja la mto Kagera ndilo mpaka. Ngara ni nchi ya Wahangaza na Washubi, na lugha zao zinasikilizana na Kirundi kuliko na Kihaya. Watu wa ng'ambo ya mpaka mara nyingi ni shemeji, wajomba na wateja wa gulio moja.

Jimbo Katoliki la hapo lilipewa jina la Rulenge mwaka 1960, mwaka uleule ambao Laurean Rugambwa, askofu wa jirani huko Rutabo, alifanywa kadinali wa kwanza Mwafrika mweusi wa zama hizi. Askofu wa kwanza wa Rulenge alikuwa Alfred Lanctôt, mmisionari wa White Fathers. Mwaka 1969 alimpisha mwananchi, Christopher Mwoleka.

Mwoleka alikuwa askofu wa aina yake. Azimio la Arusha lilikuwa na miaka miwili tu alipokalia kiti, na viongozi wengi wa dini walilitazama kwa jicho la wasiwasi. Yeye alilipokea. Aliacha starehe za nyumba ya askofu akaenda kuishi na kulima pamoja na wanakijiji wa ujamaa wa Nyabihanga. Alifundisha kwamba Wakristo wameligeuza fumbo la Utatu Mtakatifu kuwa kitendawili cha kuteguliwa, wakati limetolewa ili liigwe: Baba, Mwana na Roho wanashirikiana kila kitu, basi na binadamu washirikiane jembe, mavuno na shida. Maandishi yake yalisomwa hadi Ulaya na Marekani. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo leo kila Mkatoliki wa Tanzania anazijua kwa sala za nyumba kwa nyumba, zilipata kusukumwa sana na maaskofu wa Afrika Mashariki wa miaka ya 1970, na Mwoleka alikuwa mmoja wa waliozipigia debe kwa vitendo.

Huyo ndiye askofu aliyekuwa akiongoza Rulenge wakati Protase Rugambwa alipoingia kwenye orodha ya mapadri wa jimbo hilo.

Padri wa Papa

Rugambwa alizaliwa Mei 31, 1960 Bunena, Bukoba, kwenye kilima cha misheni kongwe kinachotazama Ziwa Victoria. Safari ya kijana wa Kagera anayetaka upadri ilikuwa ndefu, na mpaka leo haijafupishwa sana. Anaanza seminari ndogo, ambayo ni sekondari yenye masomo ya kawaida pamoja na malezi ya sala. Anayevuka hapo huenda seminari kuu, falsafa kwanza na teolojia baadaye, na majina yanayotajwa ni yaleyale: Ntungamo, Kibosho, Kipalapala, Segerea. Katikati hutumwa parokiani kwa mwaka wa majaribio, ili wakubwa waone kama anaweza kukaa na watu. Baada ya hapo ni ushemasi, ndipo upadri. Wanaoanza darasa moja ni wengi. Wanaofika altareni huhesabika kwa vidole.

Rugambwa alifika, tena kwa namna ambayo mapadri wachache wanaweza kuisimulia. Septemba 1990 Papa Yohane Paulo wa Pili alikuja Tanzania kwa ziara ya siku tano, na Septemba 2 jijini Dar es Salaam aliwapa mashemasi daraja takatifu ya upadri kwa mikono yake mwenyewe. Rugambwa alikuwa mmoja wao.

Padri aliyewekewa mikono na Papa angeweza kudhani kwamba mambo makubwa yanamsubiri. Alipangiwa Mabira, parokia ya vijijini upande wa Karagwe, awe paroko msaidizi. Kazi hiyo inafahamika: paroko anabaki makao makuu ya parokia, msaidizi anazunguka vigango. Anaungamisha, anasoma misa, anabatiza, anasuluhisha ndoa, anakula alichoandaliwa na katekista, analala anapopewa, kesho anaondoka kwenda kigango kingine.

Chaki na wodi

Mwaka uliofuata alihamishiwa Biharamulo kufundisha Seminari ya Katoke, na huko alikaa hadi mwaka 1994.

Katoke ni shule ambayo jina lake limetajwa sana kuliko ukubwa wake. Rais John Magufuli, mzaliwa wa Chato wakati Chato ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Biharamulo, alisoma hapo kati ya mwaka 1975 na 1977 kabla ya kwenda Mwanza. Hilo linaeleza kitu kuhusu seminari ndogo za Tanzania: zilijengwa kutafuta mapadri, lakini taifa limechota humo walimu, madaktari, mahakimu na wanasiasa. Kwa wilaya ambazo sekondari zilikuwa za kutafuta kwa tochi, seminari ilikuwa mlango wa pekee kwa mtoto wa mkulima mwenye akili.

Mwalimu wa seminari hafundishi kipindi akaenda nyumbani. Kengele ya alfajiri inamwamsha yeye pamoja na wanafunzi. Anasali nao, anasoma misa, anakunywa uji, anaingia darasani, jioni anawasimamia kwenye kazi za mikono, usiku anapita bwenini kuhakikisha kimya kimetulia. Anayajua madaftari ya mwanafunzi, na tabia yake pia, maana siku ya kikao cha walezi ataulizwa: huyu aendelee au arudi kwao? Kwa mvulana wa miaka 15 ambaye kijiji kizima kimeshaanza kumwita "padri", jibu hilo ni zito. Na kwa mlezi wake vilevile.

Pamoja na chaki, Rugambwa alipewa kuwahudumia kiroho wagonjwa katika hospitali ya Biharamulo, na kusimamia miito, yaani kutafuta na kuongoza vijana wanaotaka kuingia utawa na upadri. Msomaji asiipite haraka kazi ya hospitali. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waligundulika Kagera mwaka 1983. Kabla haujapata jina la Kiswahili, watu wa mkoa huo waliuita "Juliana", kwa jina la nguo zilizokuwa zikivushwa kwa magendo kutoka Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 dawa za kufubaza virusi hazikuwapo kwa mgonjwa wa Tanzania. Padri wa hospitali mkoani Kagera aliingia wodini na mafuta ya mpako wa wagonjwa na komunyo, akawakuta vijana wa rika lake wakiwa wamebaki mifupa, na bibi kando ya kitanda akiwaza watoto watakaobaki. Hakuwa na cha kuwaahidi zaidi ya kurudi kesho. Miaka mitatu ya kazi hiyo ilikwenda sambamba na ile ya chaki.

Mwaka ambao mpaka ulifurika

Mwaka 1994 jimbo lilimpeleka Roma kusoma. Alikwenda Chuo Kikuu cha Kipapa cha Laterano, akarudi mwaka 1998 na shahada ya uzamivu katika teolojia ya kichungaji. Wakati anafungua madaftari Roma, jimbo lake lilikuwa kwenye mtihani mwingine kabisa.

Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya muda wa saa 24 hivi wakikimbia vita na mauaji ya nchi yao. Kambi ya Benaco, iliyopewa jina la kampuni ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na kituo chake hapo, iligeuka mji wa maturubai ya plastiki uliozidi miji mingi ya Tanzania kwa wingi wa watu. Warundi walikuwa wameshaanza kuingia tangu Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa. Misitu ya Ngara ilikatwa kwa kuni, vyanzo vya maji vikazidiwa, barabara zikawa na majambazi kiasi kwamba kwa miaka mingi mabasi ya Biharamulo na Ngara yalisindikizwa na askari wenye silaha. Mwaka 1995 Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi walianzisha Radio Kwizera mjini Ngara ili watu waliopotezana wasikie habari za wenzao.

Novemba 8, 1996, katikati ya hali hiyo, Mwoleka alistaafu na Papa akamteua Padri Severine Niwemugizi, mzaliwa wa Biharamulo, mwenye umri wa miaka 40. Mwezi mmoja baadaye Serikali iliwataka wakimbizi wa Rwanda warudi kwao hadi mwisho wa Desemba, na karibu nusu milioni wakavuka tena daraja lilelile, safari hii wakielekea magharibi. Niwemugizi aliwekwa wakfu na Papa Roma Januari 6, 1997, akarudi kuongoza jimbo ambalo nusu ya kazi yake ilikuwa kuokota vipande.

Rugambwa alirudi mwaka 1998 akakuta askofu mpya, mkubwa wake kwa miaka minne tu. Alikabidhiwa kuratibu shughuli za kichungaji na hatimaye akawa makamu wa askofu. Kwa lugha ya ofisi za Serikali, makamu wa askofu ni kama katibu tawala: askofu akisafiri, mafaili yote yanapita kwake, pamoja na ugomvi wa mipaka ya parokia, paa lililoezuliwa na mapadri wanaoomba uhamisho. Na Niwemugizi alisafiri sana, kwani kuanzia mwaka 2000 hadi 2006 alikuwa Rais wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, TEC.

Ofisi ya mafaili ya Afrika

Mwaka 2002 Rugambwa aliitwa tena Roma, mara hii kufanya kazi katika Baraza la Kipapa la Uinjilishaji wa Watu. Wazee waliozoea Kilatini wanaiita Propaganda Fide. Ilianzishwa mwaka 1622, na wakati huo ndiyo iliyokuwa ikisimamia majimbo ya nchi za misheni, Tanzania ikiwamo.

Uteuzi wa askofu ulikuwa ukienda hivi: Balozi wa Papa nchini alikusanya maoni kwa siri, akaandaa majina matatu, akayatuma Roma. Kwa majimbo ya Ulaya faili lilikwenda kwenye Baraza la Kipapa la Maaskofu. Kwa majimbo kama Rulenge lilikwenda Propaganda Fide, ndipo Papa akaamua. Padri aliyekuwa akihangaika na mafaili ya Rulenge akawa sasa ofisa mahali ambapo mafaili ya majimbo ya Afrika yalikuwa yakisomwa. Ofisa wa Kiitaliano akisoma kwamba parokia fulani ina vigango 20 na padri mmoja, ataona takwimu. Aliyetokea Mabira ataona barabara.

Januari 2008 Papa Benedikto wa 16 alimteua kuwa Askofu wa Kigoma, na Aprili akawekwa wakfu. Ni mpakani tena, wakimbizi tena, maana Kigoma ilikuwa na Wakongo wa Nyarugusu na Warundi waliokuwa bado kambini. Mwaka huohuo, Agosti, jimbo alilotoka liligawanywa. Upande wa Karagwe ukawa Jimbo la Kayanga, na lililobaki likaitwa Rulenge-Ngara.

Hakukaa Kigoma hata miaka mitano. Juni 2012 aliitwa Roma kwa mara ya tatu, akiwa askofu mkuu, kuongoza Mashirika ya Kipapa ya Kimisionari. Mashirika hayo ni manne, na mojawapo ni la Mtakatifu Petro Mtume, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1889 na mama mmoja na bintiye, Stephanie na Jeanne Bigard. Kazi yake ni kusaidia malezi ya waseminari katika nchi za misheni. Mwalimu wa Katoke alikuwa sasa amekaa mahali inapoamuliwa misaada ya seminari kama Katoke. Waumini wanaotoa sadaka ya Jumapili ya Misioni kila Oktoba walikuwa wakiyachangia mashirika hayo, wengi wao bila kujua kwamba Mtanzania ndiye rais wake.

Novemba 2017 Papa Fransisko alimpandisha kuwa Katibu wa Baraza lote la Uinjilishaji, mtu wa pili baada ya mkuu wake. Aprili 2023 akamrudisha nyumbani awe Askofu Mkuu mwandamizi wa Tabora. Septemba 30 mwaka huo akamvika kofia nyekundu, na Novemba, Askofu Mkuu Paul Ruzoka alipostaafu, Rugambwa akakalia kiti. Ni mara ya pili kumpokea Ruzoka, kwani hata Kigoma alimrithi yeye.

Aliyetumwa na aliyebaki

Ukiandika habari za mtu aliyepanda hivi, ni rahisi kuwasahau waliobaki. Niwemugizi hajahamishwa popote. Ameongoza Rulenge tangu 1996, na vyeo vya kitaifa vimemfuata hukohuko. Mwaka 2017, akiwa Makamu wa Rais wa TEC, alisema hadharani kwamba mchakato wa Katiba mpya, uliokwama baada ya Bunge Maalumu la 2014, urejeshwe. Mwishoni mwa mwaka huo maofisa wa Uhamiaji walimwita na kumhoji kuhusu uraia wake.

Kwa mtu wa Dar es Salaam hiyo ilikuwa habari ya kisiasa. Kwa mtu wa Ngara ilikuwa zaidi. Watu wa huko wameulizwa "wewe ni wa wapi hasa?" tangu zamani, na operesheni ya mwaka 2013 ya kuondoa wahamiaji haramu mkoani Kagera iliacha familia nyingi zikitafuta ushahidi kwamba babu zao walizaliwa upande huu wa mto. Askofu alipoulizwa swali lilelile, wengi walijiona wao. Na jambo la kuzingatia ni kwamba Chato, nyumbani kwa Rais aliyekuwa madarakani wakati huo, ni parokia ya jimbo lake. Mwaka 2021 Magufuli alipozikwa Chato, alizikwa ndani ya mipaka ya jimbo la askofu huyohuyo.

Basi mwezi ambao Rugambwa alikuwa akipokea pongezi za ukatibu Roma, aliyekuwa askofu wake alikuwa akielekea kwenye mahojiano ya uraia. Wote wawili ni matunda ya jimbo moja. Mmoja ametumikia Kanisa kwa kuitika kila alipoitwa, mwingine kwa kutoondoka. Sioni sababu ya kuupima utumishi wa mmoja kwa rangi ya kofia ya mwenzake.

Deni la nyumbani

Kuna kishawishi cha kusoma maisha ya Kadinali Rugambwa kama hadithi ya mtu mwenye bahati, ya padri wa Papa aliyeendelea kupendwa na mapapa. Mimi nayasoma tofauti. Mapapa waliomteua, kwa nyakati tofauti, walimpa kazi zinazofanana: seminari, miito, nchi za misheni, majimbo ya mpakani yasiyo na fedha. Ni kazi ambazo alishazifanya kwa mikono yake kati ya mwaka 1990 na 2002, kabla hajavaa pete ya uaskofu. Roma haikumfundisha upya. Ilimwongezea eneo.

Kama hilo ni kweli, basi Ngara na Biharamulo hazipaswi kuridhika na kupiga picha na kadinali anapopita. Darasa alilofundisha bado linahitaji vitabu, wodi alizotembelea bado zinahitaji dawa na wahudumu, na vigango vya aina ya alivyozunguka bado vina makatekista wanaofundisha kwa kujitolea huku paa likivuja. Wapo wengi waliosoma seminari ndogo za ukanda ule ambao leo wana mishahara mizuri Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam. Wakumbuke kwamba ada waliyolipa haikuwahi kutosha gharama halisi, kuna mtu aliongezea. Mwaka mpya wa masomo ukianza, kila mmoja amlipie mtoto mmoja.

Kadinali mwingine kutoka upande ule, kama atakuwapo, pengine hivi sasa yuko kidato cha kwanza na hana viatu vya shule.